Game of Life: paterni yangu inajirudia kila vizazi 80, hii ni osileta (paterni inayojirudia mahali pale pale) au programu inanichezea?

mtoto_wa_gridi
Wakuu habari za jioni. Nimeandika Game of Life, ule mchezo wa seli wa mwanahisabati John Conway, kwa Python, gridi ya 20 kwa 20, sheria zile zile za kawaida, seli hai ikiwa na majirani 2 au 3 inabaki, iliyokufa ikiwa na majirani 3 kamili inazaliwa, nyingine zote chali. Kingo nimeziunganisha, yaani ukitokea kulia unaingilia kushoto na ukitokea juu unaibukia chini, maana nilikuwa sitaki kuhangaika na mambo ya pembeni.

Sasa nimeongeza kipande kinachosubiri picha irudi kama ilivyoanza halafu kinaandika ni baada ya vizazi vingapi. Blinka, ile osileta ya mstari wa seli 3, ikanipa 2, sawa. Pulsa, osileta nyingine maarufu, ikanipa 3, sawa. Nikaweka hii hapa:

.O.
..O
OOO

Ikanipa 80. Nimeangalia kwenye orodha za osileta kila mahali sijaona kadude kadogo ka seli 5 kenye kipindi cha 80. Je nimegundua kitu au kuna bagi mahali? Naombeni msinicheke.

fundi_lupu
Hakuna bagi mkuu. Hiyo ni glaida, chombo kinachosafiri, sio osileta. Kila vizazi 4 inarudi umbo lake lile lile ila imesogea seli moja kwa mshazari. Gridi yako ina seli 20 kila upande na umeunganisha kingo, kwa hiyo baada ya 4 mara 20 imezunguka dunia yako nzima na kurudi pale pale. 80 ni ya gridi, glaida yenyewe haihusiki. Weka 30 kwa 30 itakupa 120.

mtoto_wa_gridi
Aisee kweli, 30 kwa 30 imeleta 120. Asante sana mkuu. Ila nikasema ngoja nijaribu mstatili, 20 kwa 30, nikategemea itakuwa kati kati hapo kama 100 hivi, imeleta 240! Na 20 kwa 21 ikaleta 1680, hapo nikadhani kompyuta imeganda.

Bi_Hesabu
Mwanangu usihangaike, hiyo ni hesabu ya shule tu. Glaida inakwenda mshazari, hatua moja kulia na hatua moja chini kwa wakati mmoja. Ili irudi mahali pake lazima hatua za kulia ziwe zimemaliza upana kamili NA hatua za chini ziwe zimemaliza urefu kamili. Kwa hiyo unatafuta kigawe kidogo cha shirika cha pande mbili halafu unazidisha kwa 4. Ya 20 na 30 ni 60, mara 4 ni 240. Ya 20 na 21 ni 420, mara 4 ni hiyo 1680 yako.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi hapo ambalo nataka ulione. Kwenye gridi yenye mipaka KILA kitu lazima kiishie kujirudia, hata ukimwaga seli ovyo ovyo. Una seli 400, kila moja iko hai au imekufa, kwa hiyo picha zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 400, namba ya tarakimu 121. Ni nyingi kupita kiasi lakini zina mwisho, na sheria haina bahati nasibu, picha moja inazaa picha moja tu. Basi siku picha yoyote ikitokea mara ya pili, kuanzia hapo umeshanaswa kwenye duara. Ndiyo maana watu wa osileta hawahesabu gridi iliyounganishwa kingo. Wanataka uwanja usio na mwisho, paterni ikae yenyewe katikati ya tupu pande zote halafu irudi yenyewe mahali pale pale. Hapo ndipo kipindi kinakuwa mali ya paterni.

Ukitaka kuwa na uwanja usio na mwisho kwenye Python achana na arei kabisa. Tunza seti ya kodineti za seli zilizo hai tu. Kila kizazi pita kwenye seli hai, waongezee majirani zao wote wanane hesabu moja moja, mwisho angalia nani ana 3 na nani ana 2 na alikuwa hai. Hakuna ukingo wala cha ukingo.

fundi_lupu
Naongezea kwa Bi Hesabu. Ukishatumia seti ya kodineti ni rahisi pia kutofautisha osileta na chombo. Toa x ndogo kabisa na y ndogo kabisa kwa kila seli, upate umbo bila mahali. Umbo likirudi na mahali pia pamerudi, hiyo osileta. Umbo likirudi lakini mahali pamehama, hicho chombo. Glaida itakwambia kipindi 4, imehama (1,1), mambo yameisha.

Mzee_wa_Kibandani
Samahanini vijana, hivi vidoti vikirudi au visiporudi unga unashuka bei?

fundi_lupu
Haushuki mzee wangu. Hata bao halishushi bei ya unga na jana ulikesha nalo.

Mzee_wa_Kibandani
😂😂 haya endeleeni.

pwani_bits
Mtoto wa gridi usiitupe ile 80 yako haraka hivyo, maana umekanyaga wazo lenyewe lililotumika kumaliza swali kubwa kabisa la osileta, ila wewe umelikanyaga kwa mlango wa nyuma.

Fikiri hivi. Glaida yako inazunguka kwa sababu kingo zinairudisha. Uwanja usio na mwisho hauna kingo, sawa, lakini je ukiweka vitu vya kuigeuza? Glaida inafika, inagonga, inageuka, inagonga kingine, inageuka tena, mpaka imerudi ilipoanzia. Hiyo sasa ni osileta halali kabisa maana hakuna kinachotoka nje, na kipindi chake ni urefu wa njia.

Mfano rahisi unaoweza kuuona leo leo ni ule unaoitwa Relay. Unachukua pentadekathloni mbili (ni osileta ya kipindi 15, Conway mwenyewe aliipata 1970), unaziweka zinatazamana, katikati glaida moja inapigwa huku na huku kama mpira wa pingpong. Kipindi 60. Ukizitenganisha zaidi, kila seli moja ya mshazari inaongeza vizazi 4 kwenda na 4 kurudi, jumla 8, lakini huwezi kuzitenganisha utakavyo kwa sababu glaida lazima ifike wakati pentadekathloni iko kwenye pozi lile lile, na pozi hilo linakuja kila baada ya 15. Kwa hiyo nyongeza lazima igawanyike kwa 8 na kwa 15 pia, yaani 120. Unapata 60, 180, 300, unaendelea hivyo. Ni nyingi lakini zina mapengo makubwa mno.

Ili uzibe mapengo unahitaji kioo kisichokuwa na saa yake, kitu kilichotulia tuli, glaida ikigonga kinachafuka kidogo halafu kinajirudisha chenyewe na glaida inatoka imepinda nyuzi 90. Kioo kidogo na chepesi cha aina hiyo kilipatikana 2013, alikipata Mike Playle kwa kutafuta na kompyuta, kinaitwa Snark. Kinahitaji vizazi 43 kupumua kabla hakijapokea glaida nyingine. Hapo ndipo utamu ulipo. Panga Snark nne ziwe mzunguko, ukizisogeza mbili kwa seli moja njia inarefuka vizazi 8. Sasa chukua njia ya vizazi 344, weka ndani yake glaida 8 zilizoachana sawa sawa, kila baada ya vizazi 43 kila glaida inakaa pale ilipokuwa mwenzake, picha nzima imerudi. Kipindi 43. Njia ya 352 na glaida 8, kipindi 44. Ya 360, kipindi 45. Unaenda hivyo hivyo bila mwisho, kila namba kuanzia 43 kwenda juu imepatikana kwa wazo moja tu.

Kabla ya hapo mwaka 1996 David Buckingham alishafanya kitu cha namna hiyo kwa njia nyingine, alisafirisha paterni inayoitwa Herschel kwenye mifereji, akapata kila kipindi kuanzia 61. Snark ikashusha mpaka 43.

mtoto_wa_gridi
Daah. Kwa hiyo hizo kubwa ndio rahisi na ndogo ndio ngumu?? Mimi nilidhani kinyume.

pwani_bits
Ndiyo hivyo. Kubwa una nafasi ya kutosha kupitisha glaida na vioo vikapumua. Chini ya 43 Snark haikusaidii, kila namba inabidi itafutwe kivyake na kila moja ina hadithi yake. 2 na 3 zinaibuka zenyewe ukimwaga seli ovyo, 5, 8 na 15 zilijulikana mapema tu enzi za 1970 na 1971, 30 ilikuja na bunduki ya Gosper. Halafu kuna namba ngumu, hasa zile tasa, maana haigawanyiki, huwezi kuiunga kutoka vipande vya vipindi vidogo.

Bunduki ya Gosper nayo itafute uione. Conway alikuwa amedhani hakuna paterni inayoweza kukua bila kikomo, akaweka dola 50 kwa atakayethibitisha au kukanusha kabla mwaka 1970 haujaisha, na tangazo lilitoka kwenye safu ya Martin Gardner kwenye Scientific American ya Oktoba. Novemba hiyo hiyo Bill Gosper na wenzake pale chuo cha MIT wakaleta kitu kinachotema glaida moja kila vizazi 30. Kiini chake ni vitu viwili vinavyokwenda na kurudi kwa kipindi 30, na kila kimoja ukikizuia huku na huku kwa vitu vilivyotulia ni osileta kamili.

nyati_404
Mnakuza mambo. Kipindi chochote unapata kwa kuweka osileta mbili kando kando. Blinka ni 2, pulsa ni 3, weka zote uwanjani mbali mbali, picha nzima inarudi kila baada ya 6. Kigawe kidogo cha shirika kama Bi Hesabu alivyosema. 34? Weka ya 2 na ya 17. Imekwisha, twende tukalale.

Bi_Hesabu
Hiyo haikubaliki ndugu yangu, na si ubaguzi. Ukitazama seli moja moja katika hiyo 6 yako, kila seli inarudi kwa 2 au kwa 3, au haibadiliki kabisa. Hakuna hata seli MOJA uwanjani inayojua habari ya 6. Hiyo 6 iko kwenye kichwa cha mtazamaji. Sharti wanaloweka ni kwamba angalau seli moja iwe na kipindi kamili. Na mfano wako wa 34 umeuchagua vizuri bila kujua, kwa sababu 34 kwa njia hiyo ya kupanga kando kando ilikuwepo miaka mingi, na miaka mingi hiyo hiyo ikabaki kwenye orodha ya zinazotafutwa. Mwishoni orodha ilikuwa imebaki na 19, 34, 38 na 41.

nyati_404
Sawa lakini blinka na pulsa zikigusana je? Si zitachanganya vipindi.

Bi_Hesabu
Zikigusana bila kuharibiana, ndiyo, hapo umepata kitu cha kweli. Ndivyo nyingi za vipindi vinavyogawanyika zilivyoundwa, ya kwanza inarusha cheche (seli zinazochomoza pembeni kwa muda halafu zinakufa) mahali fulani, ya pili inakuja kuipokea cheche pale pale, na seli ya katikati inawaka pale tu zote mbili zinapokutana. Seli hiyo ndiyo yenye 6. Kazi iko kwenye kutafuta cheche inayofaa isiyovunja jirani, na wengi wanaishia hapo.

nyati_404
Nimekuelewa bi mkubwa. Na hizo nne zimepatikana?

pwani_bits
Zote. Mwaka 2023 zilimalizika 19 na 41, 19 aliipata Mitchell Riley na 41 Nico Brown. Desemba ya mwaka huo huo wakatoa andiko, watu saba, kwamba Game of Life ina osileta ya kila kipindi, hakuna namba iliyoachwa. Miaka 53 tangu mchezo utoke kwenye gazeti. Conway mwenyewe hakuiona, alifariki Aprili 2020 kwa korona.

Na sehemu kubwa ya kazi yote hii imefanywa na watu wa kawaida tu, wengine sio maprofesa, wana kompyuta yao nyumbani wanaiacha inachemka usiku kucha. Mbinu inayotumika sana ni kuchukua kitu kinachochemka katikati halafu programu inajaribu kukizungushia vitu vilivyotulia pande zote, mamilioni kwa mamilioni ya mipangilio, mpaka upatikane mpangilio ambao kile cha katikati kinarudi kama kilivyokuwa na vya pembeni navyo vinajirekebisha. Mimi binafsi naona hiyo kazi ni ya subira kuliko akili, ila najua kuna watu watanipinga.

fundi_lupu
Nakupinga. Kuandika hiyo programu ya kutafuta ndiyo akili yenyewe. Ukiandika ovyo ulimwengu utaisha haijamaliza.

mtoto_wa_gridi
Wakuu nimerudi. Nimebadili nikaweka seti ya kodineti kama Bi Hesabu alivyoelekeza, glaida sasa inasema chombo kipindi 4. Lakini nimekwama pengine. Nimesoma kwamba mstari wa seli 10 unatoa pentadekathloni, nikauweka, kwa macho naona kabisa inajirudia, inajikusanya na kujitanua, lakini programu haisemi 15, haisemi chochote, inahesabu tu inaenda. Mpaka elfu na kitu nikaizima.

fundi_lupu
Unalinganisha na picha ya kwanza, si ndio? Mstari wa seli 10 SIO sehemu ya duara. Ni njia ya kuingilia. Fuata kwa mkono uone: kizazi cha 0 una seli 10. Mbili za mwisho zina jirani mmoja mmoja zinakufa, nane za kati zina majirani wawili zinabaki, na juu na chini ya hizo nane kila nafasi ina majirani watatu, zinazaliwa nane juu na nane chini. Kizazi cha 1 una mstatili uliojaa wa 3 kwa 8, seli 24. Kizazi cha 2 ndani kote kunakufa kwa msongamano, zinabaki pembe nne tu, halafu zinazaliwa sita juu, sita chini, na moja kila upande, jumla 18. Inaendelea hivyo mpaka inaingia kwenye duara, na ndani ya duara lenyewe picha ndogo kabisa ina seli 12. Sasa seli 10 zitarudi saa ngapi? Hazirudi milele.

Kwa hiyo usilinganishe na ya kwanza. Tunza kila picha uliyopita na namba ya kizazi chake, ukikutana na picha uliyokwisha kuiona toa kizazi cha zamani kwenye cha sasa. Kwenye Python igeuze seti iwe frozenset ndiyo itakubali kuwa ufunguo wa dikshenari, seti ya kawaida itakataa.

mtoto_wa_gridi
15!!! Imetoka 15. Na imeniambia na mkia kabla ya kuingia kwenye duara. Sasa nimejaribu na mistari mingine kwa fujo: ya 3 ni blinka yenyewe, ya 4 inatulia ikawa umbo la seli 6 haliondoki, ya 5 inaleta blinka nne, ya 6 inapotea yote, ya 7 haiyumbi tena mwishoni, ya 8 nayo hivyo, ya 9 blinka kibao. Hakuna mpangilio wowote?? Nilitegemea ukiongeza seli moja moja kitu kikue taratibu.

Bi_Hesabu
Hakuna. Na ya 11 ni blinka mbili tu, ya 14 na 15 zinapotea bila kuacha kitu. Conway na wenzake walizifuatilia hizi hizi kwa mkono kwenye ubao, wakiwa na vipande vya kuchezea, na pentadekathloni waliipata kwa njia hiyo, wakirefusha mstari. Sheria ni ile ile mistari miwili lakini jibu la 9 halikusaidii kujua la 10.

nyati_404
Na mimi nimeanza kuandika sasa, mnanipotezea muda nyie. Programu ipi nzuri ya kuangalia bila kuandika?

pwani_bits
Golly, ya bure, hata kwenye simu ya Android ipo. Ukiandika 10o! ukabandika inakutolea huo mstari wa seli 10. Na mtoto wa gridi ukitaka kurudia ile dunia yako ya 20 kwa 20 iliyounganishwa kingo, kwenye sehemu ya sheria andika B3/S23:T20,20. Jaribu kuweka glaida mbili zinazokwenda pande tofauti humo ndani. Zikigongana usije kuniuliza kipindi, angalia mwenyewe kwanza.

mtoto_wa_gridi
Zimegongana, zimekufa zote mbili 😂 Nasogeza moja kwa seli moja nione.